Siku Orodha Ilipokosa Masanja

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutengeneza kurasa za tovuti, msicheke mkisikia najiita mstaafu. Nina miaka thelathini na minne, mvi sina, na meno yote ninayo. Lakini kazi ile niliiacha, na yenyewe haikunililia. Sasa niko Igoma nachomelea mageti na vitanda vya chuma. Ukiunga chuma vibaya geti linakuangukia mguuni, unajua palepale kwamba umekosea. Ndiyo maana nimekipenda chuma.

Ukurasa haukuangukii. Unakaa pale unang'aa, watu wanausoma, na kosa lako liko ndani limelala kama paka.

Niliingia kazini kijana wa ndoto. Kidato cha nne nilipata alama za kunitosha kurudi nyumbani, basi. Lakini nilikuwa nimeona kompyuta mara moja kwenye duka la picha, nikajisemea kuwa nitaiweka Mwanza yote humo, mawe yake na sato wa ziwani, mpaka mtu wa mbali aione. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Mkuyuni, juu ya duka la vifaa vya bomba. Kulikuwa na bosi, kompyuta moja, mimi, na Kaka Sospeter, Mjita wa kule Majita, mtu wa kwaya, ambaye alinifundisha kila kitu nilichojua. Mimi nilishika kompyuta asubuhi, yeye mchana.

Siku ya kwanza alinieleza hivi: "Kivinjari, yaani ile programu unayofungulia tovuti, ni kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Wewe unamwandikia maneno, na pembeni unamwekea maelekezo. Hapa paza sauti. Hapa pumzika. Hapa anza aya mpya. Hayo maelekezo ndiyo tagi. Unayaandika ndani ya mabano yenye ncha. Mzee hayasomi kwa sauti, anayatii tu."

"Nimeelewa, kaka."

"Hujaelewa. Ukimwambia paza sauti, halafu ukasahau kumwambia shusha, atafanyaje?"

"Ataendelea kupaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka amalize matangazo."

"Mpaka watu watoke kanisani wameziba masikio! Sasa umeelewa. Kila unachofungua, funga. Tena usingoje. Fungua, funga, ndipo urudi katikati ujaze maneno."

Hiyo ndiyo sheria yake moja. Fungua, funga, ndipo ujaze. Siku hizi programu zenu zinawafungia zenyewe, zinawapakia na rangi kabisa, maandishi ya siri yanageuka kijivu ukayaona. Sisi tuliandika kwenye ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi tupu. Kila kitu kilifanana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilitengeneza ukurasa wa kanisa moja, nikafungua tagi ya kukoleza herufi kwenye jina la mchungaji, sikuifunga. Kuanzia jina lake hadi mwisho wa ukurasa kila neno likawa nene, mpaka ratiba ya mazoezi ya kwaya ikaonekana kama amri kumi. Nilikwenda kuomba radhi. Mchungaji akavaa miwani, akatazama, akasema, "Hapana, kijana, usiguse. Wazee wangu watasoma vizuri." Nikatoka pale nikiamini kwamba makosa ya kazi hii yana huruma.

Hapo ndipo nilipopotea.

Sasa niwaambie mtindo wetu, maana bila huo hamtaelewa. Bosi hakupenda tuongee kazini. Alikuwa akisema maneno hayalipi umeme. Na kwa kuwa mimi na Kaka Sospeter tulipokezana kompyuta, tulikutana mlangoni tu, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Basi tukaanza kuachiana salamu ndani ya kurasa. Iko tagi moja inayomwambia kivinjari: yanayofuata usiyaonyeshe, ni ya mafundi. Inaanza na ncha, alama ya mshangao na vistari viwili. Inafungwa kwa vistari viwili na ncha. Katikati unaandika unachotaka, hakuna msomaji atakayekiona mpaka afungue nyuma ya ukurasa.

Humo ndimo tulimoishi. Nyuma ya ukurasa wa hoteli ya ufukweni kulikuwa na maandishi yake: "Mdogo wangu, picha ya kitanda imepinda, inyooshe, na wewe jinyooshe, unakaa kama nzige." Nyuma ya ukurasa wa wauza vyandarua kulikuwa na yangu: "Shikamoo kaka. Jana Simba wamefungwa, nakupa pole mapema." Bosi alikuwa akitazama mbele ya ukurasa na kuridhika, sisi tulikuwa nyuma tunacheka. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya. Nilidhani kazi yote duniani iko hivyo.

Chakula chetu kilitoka kwa Mama Kabula. Alikuja na ndoo yake ya kande, mahindi na maharage, kila mchana, ngazi nzima anapanda, anapiga hodi kwa kisigino. Mimi alikuwa ananipenda. Nikisema "Shikamoo mama," anaitika "Marahaba mwanangu wa intaneti," halafu ananifunikia sahani yangu kwa sahani nyingine isipoe. Na siku zote mazungumzo yake yalikuwa Kabula, binti yake, aliyesubiri majibu ya chuo cha uuguzi. Alikuwa ameshamnunulia ndoo na godoro. Fundi cherehani wa chini, jirani yetu, mzee mmoja anayeitwa Masanja, alikuwa ameshampima Kabula gauni jeupe.

"Kabula akiwa nesi," mama alisema, "wa kwanza kumchoma sindano ni wewe, Bahati. Mwembamba mno."

Na kumbe chuo chenyewe kilikuwa mteja wetu.

Karatasi ya majina ya waliochaguliwa ililetwa asubuhi, imepangwa kwa majina ya ukoo kuanzia A. Niipige chapa mimi. Kaka Sospeter alikuwa ameshaniambia kabla: orodha ya watu andika namba kwa mkono, kama daftari la mahudhurio. Mimi nikamcheka. Kuna tagi ya orodha, kaka, kivinjari chenyewe kinahesabu! Unakipa majina tu, kinaweka moja, mbili, tatu. Akasema, "Anayekuhesabia ng'ombe wako, hakikisha anajua wako wangapi." Nikamwona mtu wa zamani.

Nilifika mwisho wa herufi L. Nikafungua tagi ya siri nimwachie ujumbe. Niliandika hivi, na nayakumbuka yote, hata nukta: "Shikamoo kaka. Nimeishia L, wewe anzia M. Kande za leo zina karanga, nimeomba na sahani yako, nimekula na zako. Usinilaani."

Nilikuwa bado sijazila. Nilikuwa nasikia harufu tu kutoka kwenye ngazi. Na pale pale kisigino kikapiga mlango.

"Bahati! Zinapoa!"

Nikahifadhi kazi, nikainuka. Vistari viwili na ncha sikuviweka.

Kaka Sospeter alikaa mchana ule akapiga M yote. Kwa majina ya Kisukuma, wadogo zangu, M ni kijiji kizima. Alipomaliza akaniachia jibu: "Marahaba. M imekwisha, N hadi mwisho ni yako. Kwa zile kande nimekulaani kweli." Na yeye, kama kawaida yake, alifunga vizuri. Kwa hiyo kivinjari kilipoambiwa na mimi "yanayofuata usiyaonyeshe," kikatii. Kilificha salamu yangu, kikaficha M yote, kikaficha na salamu ya kaka, mpaka kilipokutana na vistari vyake viwili na ncha. Hapo kikafumbua mdomo na kuendelea na N.

Asubuhi nilimalizia, nikaweka ukurasa hewani. Kaka alikuwa ameshapanda basi kwenda Majita kwenye msiba wa baba yake mdogo. Bosi alinisimamia mgongoni akisema chuo kinasubiri, chuo kinasubiri. Nilikagua kichwa na mkia, kama mtu anayenunua samaki bila kufunua mashavu. Namba zilikuwa zimenyooka. Zilikuwa zinafuatana vizuri mno, maana kivinjari kilihesabu waliobaki kana kwamba hao ndio wote. Ningeandika kwa mkono, pengo lingepiga kelele.

Mchana Mama Kabula alikuja bila ndoo. Alikuja na Kabula mwenyewe, amevaa viatu vya kanisani.

"Mwanangu," alisema, "watu wanakwenda kusoma kwenye ubao wa chuo. Nikawaambia mimi sina haja ya kupanda gari, mimi ninaye wangu. Tufungulie."

"Jina la shule ni lipi, mama?"

"Maduhu Veronika," Kabula akajibu yeye. Sisi tulimjua kwa jina la nyumbani tu. Hata Kaka Sospeter alilipiga jina lile bila kujua ni la nani.

Nikafungua. Nikashuka na orodha. Baada ya Luhende alikuwa Ndaki.

"Mama, halipo."

"Tafuta tena, kaka Bahati," Kabula akasema.

Nikaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Kivinjari kikasema hakuna. Karatasi ya chuo ilikuwa kwenye droo, kiwiko changu kikiigusa. Sikuvuta droo. Mnajua kwa nini? Nilimwonea huruma. Nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kumpa pole, na huruma ilinijaa mpaka akili ikakosa pa kukaa. Huruma yangu ndiyo iliyomaliza kazi.

"Ulisema ulifaulu," mama akamwambia binti.

"Nilifaulu, mama."

"Wenzako wamo."

"Nilifaulu mimi!"

"Basi twende. Usimlilie Bahati ofisini, siyo yeye aliyekukosesha."

Nilishika mlango wapite. Nilijiona mtu mwema.

Zilipita wiki tatu. Kabula alipelekwa Kisesa kwa shangazi yake. Kaka Sospeter alirudi akiwa amekonda. Mama Kabula aliendelea kuleta kande, ila hadithi za uuguzi zilikwisha. Siku moja fundi Masanja akanisimamisha chini ya ngazi, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"We Bahati, chuo chenu kile kiko Mwanza ipi?"

"Kwa nini, mzee?"

"Nimefunguliwa ile orodha kwenye simu, nikatafuta kama kuna ukoo wetu. Hakuna Masanja hata mmoja. Nikasema sawa, labda sisi vichwa vigumu. Nikatafuta Mabula, hakuna. Magesa hakuna. Mashauri hakuna. Usukumani kote! Mmechagua manesi wa kutoka Ulaya?" Akacheka peke yake.

Mimi nilikuwa tayari niko juu, sijui nilipandaje. Nilifungua nyuma ya ukurasa, na M wote walikuwa wamekaa pale, kimya, katikati ya salamu yangu na salamu ya kaka. Maduhu Veronika alikuwa mstari wa nne kutoka kwenye kande.

Nikaweka vistari viwili na ncha. Vidole vitatu, sekunde moja. Nikafungua ukurasa upya, M wakatokea, na namba zote zikajipanga upya bila kumlaumu mtu.

Bosi aliposikia alifunga mlango. "Umeshatengeneza?"

"Ndiyo, bosi, lakini siku za kuripoti zimepita."

"Nimekuuliza umeshatengeneza. Basi haikutokea. Tukisema tumekosea hatutapata mteja mwingine mji huu."

Nilitegemea Kaka Sospeter aseme kitu. Alikuwa amekaa akitazama mikono yake. Halafu akavaa shati lake la kwaya, akaniambia, "Twende." Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote. Tulikwenda wawili mpaka chuoni bila ruhusa. Karani alitusikiliza vizuri, akatuletea hata viti.

"Wenye M wengi walikuja," alisema, "walisoma kwenye ubao hapa getini. Wachache ndio hawakuripoti. Zikiisha wiki mbili nafasi inakwenda kwa aliye akiba. Hao akiba wameshaanza masomo. Nimtoe nani?"

Mtoto wa mtu mwingine alikuwa ameshakalia kitanda cha Kabula, na yeye hakuwa na kosa.

"Aombe mwakani," karani akasema.

Tukarudi kwa miguu mpaka stendi. Pale kaka akaniambia, "Ujumbe niliuona haujafungwa."

Nikasimama.

"Niliuona, Bahati. Nikasema nikimaliza M nitaufunga. Nikamaliza M, nikaandika wangu, nikasahau wako. Palepale ndipo simu ya msiba ilipoingia." Akapanda gari lake. Hakuwahi kunifundisha kitu tena, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilibaki nimemhurumia na kumchukia kwa wakati mmoja, na hilo bado halijaisha.

Jumamosi nilichapisha nyuma ya ukurasa kwenye karatasi, na tagi zake zote, nikaenda Kisesa.

Kabula nilimkuta anasuka nywele nje ya duka la shangazi yake. Alikuwa na mteja, mama mnene amekaa chini, kichwa kiko kati ya magoti ya Kabula.

"Karibu, kaka Bahati. Mama mzima?"

"Mzima. Kabula, nimekuja kukwambia jambo."

"Sema tu, huyu hasikii, ameshalala."

"Sijalala," mteja akasema.

Nikasema. Nilimweleza habari ya mzee wa matangazo, ya kufungua na kufunga, ya M. Mikono yake haikusimama. Ilikuwa inagawa nywele, inabana, inavuta.

"Unanivuta wewe!" mteja akapiga kelele.

"Samahani, mama." Akanitazama. "Kwa hiyo nilikuwemo."

"Ulikuwemo. Tangu mwanzo."

"Ulipomwambia mama halipo, lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

Akafuta mikono, akapokea karatasi. Alitafuta kwa kidole mpaka akajikuta. Halafu kidole kikapanda juu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye salamu yangu. Nilitaka kumnyang'anya.

"Shikamoo kaka," akasoma kwa sauti. "Nimeishia L, wewe anzia M. Kande za leo zina karanga..."

Akarudisha kidole kwenye neno lile.

"Hizi ni kande za mama," alisema.

"Ndiyo."

"Kande," mteja akarudia chini kule, polepole. "Mwanaume mzima."

Kabula hakucheka, hakulia. Alikunja karatasi mara nne akaitia ndani ya kanga. "Hii naichukua. Mama alidhani nilimdanganya. Kanileta hapa kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu ya chuo. Alisema hawezi kukaa nyumba moja na mwongo."

"Nitakwenda mwenyewe nimwambie."

"Hapana. Wewe ulishamwambia mara moja." Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. "Kesho naenda nyumbani. Kaa, kaka, unywe maji, kisha uende."

Maji niliyanywa. Mwaka uliofuata hakuomba. Niliuliza, nikajibiwa kwamba ana wateja wengi. Nikipita Kisesa sasa naona kibao chake, rangi nzuri. Mkinitaka niseme kwamba labda ndivyo ilivyopangwa iwe, sisemi. Alitaka kuwa nesi. Alikuwa amefaulu.

Na ninyi mnaniuliza nini cha kujifunza. Mnajua tayari: fungua, funga, ndipo ujaze. Orodha ya watu hesabu mwenyewe, na karatasi itoe kwenye droo. Mtu akija na viatu vya kanisani kukuuliza jina, usitazame mbele ya ukurasa, tazama nyuma. Lakini hayo nimewaambia ninyi. Mimi nilikuwa nayajua siku ileile, na hayakunisaidia.

Jumatatu ile baada ya kutoka Kisesa nilikaa kwenye kompyuta nikisubiri mchana. Kisigino kilipiga mlango kama kawaida. Mama Kabula akaingia na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Basi, hapo hapo, hakuongeza neno.

Alimpakulia bosi. Akampakulia Kaka Sospeter. Akaja kwangu, akaweka sahani, akaifunika kwa nyingine kama siku zote. Nilifunua. Zilikuwa na karanga nyingi kuliko nilivyowahi kuziona, juu kote, kama amezimwaga kwa makusudi.

Alisimama pale na upawa wake mpaka nikachukua kijiko.

"Kula," alisema. "Ila leo kula zako tu."